Mkia wa Protini ya Profesa

Profesa aliamini vitu viwili duniani: kichwa chake na ule mkia. Mkia wenyewe ni histidini sita, yaani vijenzi vidogo vya protini, zinazounganishwa mwishoni mwa protini. Protini ikipitishwa kwenye bomba lenye shanga za nikeli, mkia unang'ang'ania shanga, takataka zinapita zao. Kisha protini inatolewa safi, wageni wanapiga picha.

Wageni wenyewe walikuwa wanakuja siku hiyohiyo. Mwanafunzi wa Profesa, aliyeitwa Kinyonga kwa mwendo wake wa taratibu, alikuwa ameshaonywa: protini isipoonekana, kazi anapewa mpwa wa Profesa, na yeye arudi kwa shangazi yake wakapige soga.

Kinyonga akamimina uji wa bakteria waliotengeneza protini hiyo, wakapasuliwa, juu ya shanga. Uliopita chini akaukinga kwenye chupa, akachota tone la kupimia.

"Hayo maji machafu ya nini mezani?" Profesa akafoka.

"Shikamoo, Profesa. Bado sijayapima."

"Marahaba. Binti yangu, mkia ukishika umeshika! Unataka kuniaibisha?"

Akaibeba chupa mwenyewe, akaimwaga kwenye sinki. Hata sinki akalisuuza. Mtu msafi sana.

Kinyonga akapima kwenye jeli, ambako protini huonekana kama mstari. Alichokitoa kwenye shanga hakikuacha hata alama. Lile tone lilikuwa na mstari mnene, umenona kama bwana harusi. Akang'amua kosa. Protini ilipojikunja ilikuwa imeuficha mkia ndani, na upande wa kuuweka alichagua yeye.

Wageni wakaingia. Profesa akahutubia shanga zake za buluu mpaka mmoja akapiga miayo.

"Na protini yenyewe iko wapi?" akauliza mgeni mmoja, mama mwenye miwani.

Profesa akamtazama mpwa wake, aliyesimama mlangoni. Mpwa akatazama dari.

Kinyonga akanyoosha kidole. "Iko kwenye sinki, mama."

"Nani kaimwaga?"

Profesa akashikwa na kikohozi cha ghafla.

Kinyonga akaisogeza jeli mbele. "Kosa la mkia ni langu. Umejificha ndani. Nikiuhamishia mwisho wa pili, huenda ukashika."

Mama akaikagua jeli, akacheka. "Basi aliyeliona kosa ndiye aendelee."

"Ndicho ninachomwambia huyu tangu asubuhi!" Profesa akadakia, kikohozi kimepona.

Mpwa akaachiwa chupa za kuosha.