Kibodi ya Cherehani

Begi langu lilikuwa tayari tumboni mwa basi, injini inanguruma, nilipokumbuka kwamba sijamnunulia dada yangu kibodi. Nikavuka barabara mbio, na magoti haya. Mumewe, aliyekuja kunisindikiza, akabaki akimchelewesha dereva kwa maneno.

Dada tulimwita Cherehani, kwa jinsi alivyokuwa akichapa barua na mikataba ya watu. Tangu miguu igome, yeye yuko kitandani, kompyuta iko mezani, waya haufiki. Ofisi ilimpa mpaka Jumatatu: aanze kuchapa akiwa nyumbani, au wachukue mwingine.

"Kaka, niletee isiyo na waya," aliniambia. "Na iwe ya kudumu. Hujawahi kuleta kitu nyumbani kikadumu, hata mke."

Muuza duka alinitolea seti tatu, kibodi na kipanya chake. Ya kwanza herufi zilikuwa za rangi tu. Nilikwaruza A kwa ukucha, ikabaki nusu.

"Mzee, unanunua au unaharibu?"

"Nimewahi kuuziwa saa isiyo na mashine ndani, mwanangu. Nivumilie."

Ya pili ililia kama kitanda kibovu. Ya tatu ilikuwa nzito, herufi zimechongwa, kipanya kinajaa kiganjani. Nikataka ijaribiwe. Akachomoa tumboni mwa kipanya kidude kidogo kama punje ya hindi, cha kuiunganisha na kompyuta, akakichomeka kwenye kompyuta yake. Nikabonyeza kitufe kimoja kimoja, vyote vikaitika. Nikaidondosha sakafuni makusudi. Bado ikaandika.

"Hii itatuzika," nikasema.

Basi likapiga honi. Nikalipa, nikaikumbatia seti, nikamrushia shemeji, nikadandia.

Jumatatu jioni shemeji akanipigia. "Inawaka taa, lakini haiandiki. Nimebadilisha betri juzi, jana, na leo. Sikutaka kukusumbua safarini."

Ndipo nikakiona akilini kidude kile, kimebaki kimechomekwa pale pale kwenye kompyuta ya dukani.

"Ofisi je?"

"Walishapiga simu asubuhi."

Shemeji alipokwenda dukani, muuza duka alisema aliona kitu kidogo, hakukumbuka ni cha nini, akakitupa.

Cherehani aliishi miezi minane zaidi, hakuchapa tena. Shemeji ameoa. Duka sasa linauza viatu. Kibodi ni nzima mpaka leo, haijafutika hata herufi moja. Shemeji huiweka mlangoni, mlango usijifunge upepo ukivuma. Mimi nilishuka kwenye mji basi lile lilikonipeleka, nikapanda jingine, kama kawaida yangu.