Mlango wa Choo cha Mama

Siku hizi ukiuliza nyumba ya kina Dorice pale Misunkumilo, Mpanda, watu wanakwambia nenda tu, ukiuona mlango utajua umefika. Mlango wenyewe ni wa mninga, mbawa mbili, umechongwa jua na miale yake, na vanishi imekolea mpaka unaweza kujitazama uso. Haya, ni mzuri, nani amekataa? Ila Dorice akiupita anatamani kuupiga teke.

Kabla ya nyumba hiyo alikuwa akiishi na mama yake, Imakulata, kule Ilembo, kwenye nyumba ya udongo alimozaliwa. Mama alianguka shambani miaka minne iliyopita, mgongo ukaumia, miguu ikafa. Mikono ilibaki mizima, na ulimi pia. Watu wa parokia wakampa kiti cha magurudumu. Mwanzoni Dorice alikuwa akimbeba kwenda chooni, na mama analia njia nzima kwa aibu. Siku moja Dorice akasema basi, yatosha. Akang'oa mlango wa choo, akapanua tundu kwa jembe, akatundika kitenge mahali pa mlango, na ndani akaweka stuli iliyotobolewa katikati na bomba la kushikilia. Siku mama alipoingia mwenyewe na kutoka mwenyewe, aliimba. Mtu mzima kuimba kwa ajili ya choo! Cheka ukitaka, lakini wewe hujawahi kubebwa na mwanao mchana kweupe, nguo imepanda mapajani, majirani wanapita na madumu ya maji.

Ndipo Zefania, kaka yake Dorice, mwenye kazi yake nzuri huko Mwanza, akapiga simu kusema anamjengea mama nyumba. Sisemi ana roho mbaya. Angekuwa na roho mbaya tungejua la kumfanya.

Dorice aliomba kitu kimoja tu. Alikata ufito ukawa sawa na upana wa kiti, akaongeza nafasi ya ngumi mbili ili vidole vya mama visichubuke, akampelekea fundi Manyanda. "Mlango wa choo cha ndani usipungue huu ufito, fundi. Mengine yote fanyeni mnavyotaka." Manyanda akaelewa. Kuta zilipofika kwenye linta, usawa wa juu ya milango, Dorice alimleta mama kwa bajaji aone. Paa hakuna, jua linawaka, na mama akaingia chooni na kutoka, akaingia na kutoka, mara tatu, anacheka kama msichana. "Hapa hata ukienda sokoni siku nzima, sikusubiri," alisema.

Ikaja zamu ya milango na madirisha. Hapo ndipo Zefania alipopata ugonjwa. Kila siku picha kwenye simu: mlango huu, dirisha lile. Dorice alitaka madirisha ya mbao yenye wavu, yanayofunguka yote, maana mama anapenda upepo na joto la Mpanda la mwezi wa kumi unalijua. Zefania akataka aluminiamu ya kusukuma, vioo vyeusi. "Ndiyo fasheni, dada." Dorice akamwachia madirisha. Alijua anachokilinda.

Mlango wa mbele ulikuwa wa mbawa moja, Zefania akabadili, ukawa wa mbili, na ukameza mbao zote pana zilizokuwepo. Za choo zikakosekana. Kosa si kubwa, mbao nyingine zinanunulika. Lakini Zefania akasema mbao chooni zitaoza, akanunua huko huko Mwanza mlango wa plastiki uliokuja na fremu yake, akaupakiza kwenye lori.

Dorice alikuwa akivuna karanga siku lori lilipofika. Alipokwenda kesho yake alimkuta Manyanda anapiga lipu ubavuni mwa tundu la choo. Alikuwa amejaza tofali upande mzima.

"Fundi, nini hiki?"

"Fremu imekuja nyembamba, dada. Bosi kasema nizibe."

"Na ufito wangu?"

Manyanda hakumtazama. "Mimi nasikiliza mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mama!"

"Basi mama apige simu."

Dorice akampigia kaka yake palepale. "Kaka, kiti hakitapita."

"Si mtamshika mkono tu? Pale ni hatua mbili."

"Mama hana hatua mbili, kaka. Hana hata moja."

"Sasa unataka nifanye nini, choo chenye vigae nikitundikie kitenge?"

"Ndiyo, kitundike kitenge!"

"Acha ushamba, Dorice," akakata simu.

Siku ya kuingia nyumbani Zefania alikuja na mkewe Katarina. Katekista aliomba, mbawa mbili zikafunguliwa, mama akapita katikati na gauni jipya huku watu wanapiga vigelegele na picha. Akapewa chai, akapewa soda, kila mtu anamjazia. Baadaye akageuza kiti taratibu. Dorice akainuka, mama akamkataza kwa kiganja. Alitaka kwenda mwenyewe mbele ya wageni wake.

Magurudumu yakagonga fremu. Akarudi nyuma, akanyoosha kiti, akaenda tena, yakagonga. Sebuleni watu wakageuka kutazama. Akajaribu kuingia ubavu, kiti kikakwama kabisa. Dorice alipofika mbio, gauni lilikuwa limelowa na maji yanatiririka kwenye vigae vipya. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika magurudumu kwa nguvu zake zote.

Katarina akaleta dekio. Dorice alimtazama kaka yake akingojea neno moja tu, vunjeni. Zefania alijikuna shingo. "Mnunulieni pampasi," alisema kwa sauti ya chini. "Mbona zipo za wakubwa."

Walipoondoka kurudi Mwanza, Dorice alichukua nyundo na tindo, akaenda moja kwa moja kwenye ule mlango wa choo.

"Weka chini," mama akasema nyuma yake.

"Mama, ni tofali za upande mmoja tu! Saa moja haifiki!"

"Mwanangu kanijengea nyumba, halafu asikie nimeibomoa? Nitauweka wapi uso wangu? Weka chini, nimesema."

Dorice akaweka. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Kurudi Ilembo haikuwezekana tena, kwa sababu mabati ya kule yalikuwa yameshang'olewa kuezekea jiko la huku.

Kubebwa mama alikataa. Pampasi alizitupa uani. Akatafuta njia yake mwenyewe, akaacha kunywa. Uji wa asubuhi akaanza kuurudisha nusu, kisha akawa anaonja tu. Joto lile, dirisha linafunguka nusu, na midomo yake inabanduka magamba. Dorice akimbembeleza, anajibiwa, "Sina kiu."

Jumapili Zefania alipiga simu. Mama alilamba midomo kwanza ili sauti isikauke.

"Nyumba inanifaa sana, mwanangu. Hata kutoka nje sitaki. Mungu akubariki."

Akampa Dorice simu.

"Umesikia?" Zefania akasema, anacheka. "Wewe na wasiwasi wako wa milango!"

Dorice alifungua mdomo. Mama alikuwa akimtazama, anatikisa kichwa, hapana, hapana, na macho yake yanaomba.

"Ndiyo, kaka," Dorice akasema. "Inamfaa."

Kisha akachukua kikombe cha chai ambacho mama hakukigusa, akaenda kukimwaga nje.