Mchele Usiotoka Stoo

Kwa mwaka wa tatu mfululizo, asubuhi ya mwisho ya Ramadhani, Bi Nasriya alimwita Nalubega sebuleni akamwekea miguuni mfuko wa mchele wa kilo ishirini.

"Hii zaka yetu ya fitri," alisema. "Watu saba, pishi moja kila mtu, na ziada kidogo. Umepokea?"

"Nimepokea, mama. Allah awatakabalie."

"Amin. Haya, kauweke stoo."

Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Mfuko ulitoka sebuleni, ukapita ukumbini, ukaingia stoo ya jikoni: hatua ishirini na mbili. Nalubega alikuwa amezihesabu. Kabla ya kuja Maskati kufanya kazi za nyumbani alifundisha hesabu na dini darasa la sita, kwao Mpigi, Uganda, na mazoea ya kuhesabu hayakumtoka. Mwaka wa kwanza alidhani ameelewa vibaya. Mwaka wa pili aliuosha mchele ule kwa mikono yake, akaupika biriani, akawapakulia wale wale waliompa, nao wakamsifu kwa upishi. Zaka ilitolewa, ikapikwa, ikaliwa na watoaji, bila kuvuka kizingiti.

Akiwa bado stoo alimsikia Bi Nasriya akiwatumia dada zake ujumbe wa sauti: "Mie nshamaliza. Nimempa wangu wa hapa hapa nyumbani. Wa karibu kwanza, si kuzunguka na magari kwenye kambi za vibarua."

Nalubega aliubwaga mfuko sakafuni kwa kishindo kikubwa kuliko alivyokusudia.

Safari hii mchele ule ulikuwa na pa kwenda. Namirembe, aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya tatu kutoka hapo, hapo hapo mtaani Hail, alibaki bila kazi katikati ya mfungo, tajiri wake alipofunga nyumba na kuhamia ng'ambo. Sasa yeye na wenzake wawili walijibana katika chumba kimoja kule mtaa wa Ghala, juu ya gereji, wakiishi kwa chai na mkate. Nalubega alikuwa ameshamwandikia: chakula kitafika leo.

Baada ya alasiri Bi Nasriya aliingia jikoni na sufuria kubwa.

"Nna wageni ishirini kesho. Toa ule mchele, pima kilo nane, uuchague leo usije ukahangaika asubuhi."

"Mchele upi, mama?"

"Ule wa asubuhi. Kwani kuna mwengine?"

"Ule ni wangu."

Bi Nasriya alicheka. "Wako, nani kasema si wako? Lakini weye unakula hapa, unalala hapa. Utaupeleka wapi? Utautafuna mbichi?"

"Naupeleka Ghala, kwa Namirembe na wenzake. Hawana chakula."

Kicheko kilikatika. "Namirembe? Si Mkristo yule? Zaka yangu mie iende kwa Wakristo?"

"Zaka yako umempa Mwislamu, mama. Ilipofika mkononi mwangu ikawa mali yangu. Mali yangu nampa nimtakaye."

"Mtume! Unanifundisha dini ndani ya nyumba yangu? Mahfoudh! Mahfoudh, njoo umsikie sheikh wako huyu!"

Bwana Mahfoudh, mumewe, mhandisi mstaafu aliyependa utulivu kuliko hoja, alitokea mlangoni na msahafu, kidole kikiwa bado katikati ya kurasa. "Kuna nini tena? Watu wamefunga."

"Namfanyia ihsani, ananijibu! Nguo nampa, simu nimemnunulia mie, manukato yangu anajipaka..."

"Hayo sikatai," alisema Nalubega. Sauti yake ilikuwa shwari. "Baba, naomba unisikilize dakika moja tu. Mchele huu ama ni wangu, ama si wangu. Kama ni wangu, naondoka nao. Kama si wangu, basi nyinyi watu saba hamjatoa zaka. Mwaka jana hamkutoa, mwaka juzi hamkutoa. Sala ya Idi ni kesho asubuhi, na ikishasaliwa hiyo ni sadaka ya kawaida tu. Mnayajua haya kuliko mimi."

Bi Nasriya aliitua sufuria mezani.

"Ntakurudisha kwenu, wallahi," alisema Bi Nasriya.

"Nirudishe, mama. Lakini mchele naupeleka leo."

Bwana Mahfoudh alifunga msahafu. "Nasriya. Miaka mitatu?"

"Kila mtu anafanya hivi! Muulize dada yangu Raghad, muulize yeyote kati yao!"

"Simuulizi Raghad, nakuuliza weye. Ule wa mwaka jana tuliula?"

Bi Nasriya aligeukia sinki, akafungua maji, ingawa hapakuwa na chombo cha kuosha.

"Mie nlikula sahani mbili," alisema Bwana Mahfoudh taratibu, kisha akaingia stoo akautoa mfuko mwenyewe.

Bwana Mahfoudh alimpeleka kwa gari, wakaingia barabara kubwa. "Mama yako ana moyo mzuri," alisema. "Hakulifikiria tu."

"Anawajua wote ishirini, baba. Nani hali zabibu kwenye biriani, nani hataki pilipili. Kufikiria anaweza."

Mzee aliongeza mwendo.

Ghala walipanda ngazi zenye harufu ya mpira na mafuta ya gari, mzee mbele na mfuko begani, akikataa kusaidiwa. Namirembe alifungua mlango. Alimwona mzee mwenye kanzu nyeupe, akauona mchele, akapiga magoti pale pale kizingitini, kama wanavyofanya kwao Uganda.

"Shukran, baba! Mungu akubariki, umetukumbuka. Wenye moyo kama wako wamebaki wachache."

Uso wa Bwana Mahfoudh ulilainika. Mkono ulishaanza kuinuka kuipokea ile dua.

"Inuka, Namirembe," alisema Nalubega kutoka nyuma yake. "Si yeye. Nimetoa mimi."

Namirembe alibaki magotini, akiwatazama mmoja mmoja. Mkono wa mzee ulisimama hewani, kisha ukashuka.

"Kweli," alisema mzee. "Ni wake." Akautua mfuko ndani ya mlango, akashuka ngazi kumsubiri garini.