Gauni Lililofumuliwa Mara Nne

Mama yake alimpa jina zuri tu, ila mtaani hakuna aliyelikumbuka. Walimwita Redio, na ukweli usemwe, hakuonewa. Ungemwambia jambo asubuhi, chai haijapoa limeshafika mwisho wa barabara, tena limenenepa njiani. Alikuwa fundi cherehani wa kusifika, nguo zake hazikuwa na kasoro. Mdomo ndio uliokosa pindo.

Watu walicheka naye hivyo hivyo, mpaka mwaka ule dada yake mkubwa alipogundulika ana uvimbe kwenye titi. Dada alimwambia yeye peke yake. Akamwomba anyamaze, kwani watoto walikuwa kwenye mitihani na alitaka kuwaambia mwenyewe, kwa maneno yake. Redio aliimeza siri hiyo siku mbili. Siku ya tatu mzigo ulimwelemea, akammwagia mteja mmoja huku analia. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, lakini mchele ulishamwagika penye kuku wengi. Kesho yake binti wa dada, mtoto wa miaka kumi na minne, aliambiwa na mwenzake darasani kwamba mama yake anakufa.

Dada hakufa. Alitibiwa, akapona. Ila tangu siku hiyo, miaka kumi na mmoja sasa, Redio akiingia sebuleni kwa dada yake mazungumzo yalihamia kwenye mvua. Hakuna aliyemtukana wala kumnyima kiti. Alikuwa kama chungu chenye ufa: kinatunzwa kabatini, lakini hakitiwi maji.

Na alikuwa amebadilika, jamani! Tangu siku ile hakupeleka neno la mtu popote. Lakini nani angejua? Mlevi akiacha pombe, watu watamwona anatembea wima. Aliyeacha umbea ataonekanaje, na hapewi siri aitunze? Hilo lilimuuma kuliko jina lenyewe.

Basi mtoto wa kiume wa dada akapata mchumba, na yule binti, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu, akaja kushonewa gauni la harusi ya huyo mdogo wake. Redio alichukua vipimo, akakata hariri ya bluu, akashona. Binti aliporudi kulijaribu, zipu iligoma katikati ya mgongo. Redio akazungusha futi kiunoni. Inchi moja na nusu zaidi. Akapima kifua: inchi moja. Akainua macho kwenye kioo, akakutana na macho ya binti.

Uso wa binti ulipauka. "Mama mdogo," alisema, "kati ya watu wote duniani, wewe?"

Redio alikunja futi. Alikuwa anajua, kama ukoo mzima ulivyojua, kwamba binti huyu alishapoteza mimba mbili, na zote mbili pongezi zilikuwa zimeshatangulia. Alilazimika kuzunguka nyumba kwa nyumba kuzirudisha.

"Safari hii sijamwambia hata mama," binti alisema, machozi yanamlengalenga. "Mpaka mwezi wa tano wa mimba uishe. Nakuomba. Najua unavyo..." Akaishia hapo.

"Sema tu, mwanangu. Unajua nilivyo." Redio alishika mkasi mdogo, akaanza kufumua mshono wa ubavuni. "Mimi nimeona gauni linabana. Zaidi ya hapo sijaona kitu. Rudi baada ya wiki mbili."

Vipimo vile hakuviandika kwenye daftari, maana daftari hukaa mezani na wateja wana macho. Aliviweka kichwani. Kila wiki mbili binti alikuja, na kila mara Redio alifumua, akaachia kitambaa kidogo, akashona upya. Ulimi ulimwasha? Uliwasha, asikudanganye mtu. Usiku mmoja aliiambia cherehani, kwa sauti, kisha akaifunika.

Wiki ya sita dada akaja dukani, peke yake. Tangu ugonjwa hakuwahi kukanyaga pale.

"Mdogo wangu, mwanangu ana kitu," alisema kabla hajakaa. "Anakuja nyumbani, dakika kumi kaondoka. Chakula anakisukuma. Nikimkumbatia anajikunyata, kama kifua kinamuuma." Sauti ikamkatika. "Asije akawa amerithi ugonjwa wangu. Wewe unampima, unauona mwili wake. Umeona nini?"

Redio alishika ukingo wa meza. Miaka kumi na mmoja alikuwa akisubiri dada yake atake neno kutoka kwake, na hili hapa lilikuwa mdomoni, neno tamu, lingemfuta machozi papo hapo. Moyo ulimuuma hasa.

"Sijaona kitu, dada."

Dada alitikisa kichwa. "Maisha yako yote umesema usiyoulizwa. Leo nakuuliza, unanyamaza." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Redio alilia, kisha akampigia binti simu. "Mama yako anaogopa una ugonjwa wake. Sijasema kitu. La kusema ni lako." Jioni ile binti alimpigia mama yake, akamwapia kwamba amepimwa na kifua chake ni kizima. Mengine akayabakiza. Dada alilala, ila kwa mdogo wake hakurudi.

Mwezi wa tano wa mimba uliisha siku tatu kabla ya harusi. Binti alimwambia mama yake jikoni, wakashikana wakalia na kucheka mpaka chakula kikaungua. Kisha mama, kwa furaha, akachukua gauni alipige pasi mwenyewe. Akaligeuza ndani nje.

Na yeye, kama Redio, alifundishwa kushona na mama yao, kwenye cherehani ile ile. Hariri ukiitoboa haisahau. Kando ya mshono mpya aliona mistari minne ya vitundu vya sindano, mmoja baada ya mwingine, ukubwa wa mimba hatua kwa hatua. Pasi aliizima.

Alifika dukani na gauni mkononi, akalilaza mezani, ndani nje.

"Mara nne," alisema.

"Mara nne," Redio akakubali.

"Hata siku ile niliyokuja kulia hapa, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Nisamehe, dada. Haikuwa yangu."

Dada alipitisha kidole kwenye vile vitundu, polepole, mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka kumi na mmoja. Alivuta kiti, akakaa karibu, magoti yakagusana.

"Funga mlango," alisema. "Nina jambo langu. Sijamwambia mtu."

Redio alifunga. Chai waliyomiminiana ilipoa, ikapoa kabisa, na hakuna neno lililotoka mle ndani. Dada alimwambia nini? Nilimuuliza Redio mwenyewe. Alikata uzi kwa meno, akatazama nje dirishani, akaniambia mvua mwaka huu itawahi.