Mlio wa Ubao Uliooza

Kwa miaka miwili mke wa fundi boti alikuwa akiishi na kisogo. Akisema chai tayari, kisogo. Akisema sukari imekwisha, kisogo. Na sababu aliijua, maana ulimi uliponza kichwa: siku moja, mbele ya shemeji zake, alimwita mumewe mwanamume suruali. Wiki ile ile alimfuata karakana, akasimama nyuma yake wakati anapiga randa, akaomba radhi kwa sauti ya chini, machozi yakimtoka. Mume hakugeuka. Basi, akajua hajasamehewa, naye akanuna. "Sikio la kufa halisikii dawa" ndiyo ikawa salamu yake kila anapopita.

Asubuhi hiyo alipeleka chai kama kawaida. Juu ya vigogo ilikaa boti ya faiba ya mwalimu mstaafu, kuukuu karibu sawa na mwalimu mwenyewe. Mbao za sakafuni zilikuwa zimeoza hadi zikachotwa kwa koleo, na fundi alishaweka mpya. Ulibaki ubao wa nyuma, ule unaobeba injini, uliofunikwa faiba pande zote. Ubao wa namna hiyo hauonekani; unagongwa kwa nyundo, unasikilizwa. Ulio mzima hulia ko, uliooza hulia bu. Mama huyu hakuwa fundi, lakini jiko lake lilipakana na karakana, na mlio huo alikuwa ameusikia miaka thelathini huku akimenya vitunguu.

Fundi akagonga. Bu. Akasogeza nyundo. Bu. Akachukua chaki, akaandika: MZIMA.

Jumamosi mwalimu angewapakia humo wajukuu wake wanne. Mama akamwita mumewe. Kisogo. Akaita tena, kwa nguvu. Kisogo hakikutikisika, wala hakikuwa na kiburi chochote. Mwenyewe alikuwa anatafuta kopo la rangi kwenye rafu. Miaka miwili, jamani.

Akaliweka sinia la chai chini, akazunguka mbele ya mumewe, akamshikisha drili, akanyooshea ubao kidole. Fundi akatoboa. Maji meusi yakachuruzika, yananuka kama tambara la deki lililosahaulika kwenye ndoo. Fundi akayatazama, akaketi sakafuni.

"Ningeua watoto wa watu," alisema.

Kisha akamweleza yote. Lilianza sikio la kushoto, mwaka juzi, likafuata la kulia. Wateja aliwasoma midomo. Aliona haya kusema, kwani nani atampa boti fundi asiyesikia mbao? Na mkewe alikuwa amenuna, angemwambia saa ngapi?

Mama akaketi naye. Kumbe ile radhi haikuwahi kufika. Ikabidi aiombe upya, na safari hii kwa sauti ya mnadani, mpaka jirani mshonaji akasimamisha cherehani yake asikilize vizuri.

"Nisamehe, mume wangu! Wewe si mwanamume suruali!"

Fundi aliitazama midomo yake mpaka mwisho. Machozi yakamlengalenga.

"Rudia," alisema.

"Hujanielewa?"

"Nimekuelewa. Rudia."

Akarudia. Halafu fundi akafuta lile neno la chaki kwa kiganja, akaokota nyundo, akaanza kuugonga ubao upya toka pembeni, na kila pigo akimtazama mkewe usoni.