Kivuli cha Shimo la Nne

Jumatatu ya pili ya Machi, saa moja asubuhi, mashine ya kutoboa nyasi ilianza kazi katika uwanja wa gofu nje ya Marakeshi. Ilitoboa vitundu vyembamba ili mizizi ipate hewa, na nyuma yake wanawake sita walisogea kwa magoti, wakijaza mchanga na kung'oa magugu kwa visu vifupi. Wa mwisho alikuwa Mbarka. Kila siku alichelewa kidogo, kwa sababu alipita kwanza kuusalimu mzeituni wake.

Mzeituni ulisimama kando ya shimo la nne. Marehemu mama yake alimpa mti huo siku Mbarka alipozaliwa. Kwao ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mti wa mwingine, na wote wawili wakalala usingizi vizuri. Kaka yake, Hmad, alipouza shamba kwa wenye gofu, aliapa mbele ya sahani ya kuskusi kwamba mti ameuandikisha kwa jina la dada yake. Baadaye akafanywa msimamizi wa nyasi na miti, akapewa kofia.

Asubuhi hiyo Hmad alikuja na kofia yake na kopo la rangi, akachora alama nyekundu kwenye shina.

"Unafanya nini, kaka?"

"Kivuli, Mbarka. Kinaua nyasi. Tazama zilivyoota upara."

"Upara unao wewe pia, na hujakaa chini ya mti wowote."

Tamou, mmoja wa wale wanawake sita, alicheka hadi akang'oa nyasi akaacha gugu.

"Mti huu ungekuwa hauna kivuli ningeuacha," alisema Hmad. "Wallahi."

Saa nne kasoro robo kivuli kiliondoka. Kilijibandua taratibu kuanzia upande wa matawi, kikapita kwenye shimo la mchanga na kutoka, jambo linalowashinda wachezaji wengi, kikafika langoni. Mlinzi, Bwana Bouazza, aliandika daftarini: "Kivuli kimoja, cha mzeituni. Kimetoka. Hakikubeba kitu." Kikaenda moja kwa moja hadi uani kwa Mbarka, kikajitandaza kati ya tanuri la mkate na kamba ya nguo.

Mzeituni ukabaki juani, hauna kitu miguuni.

"Haya, kaka. Umeapa."

Hmad aliuzunguka mti mara mbili. Akainama, akagusa nyasi. Zilikuwa za moto.

"Kweli hakuna," alikiri, kwa kuwa katika mambo madogo alikuwa mtu mwaminifu. Kisha akavua kofia. "Lakini utakatwa tu. Mwenye uwanja anataka meza za mgahawa zitazame milima."

"Mti ni wangu."

"Uliuzwa pamoja na shamba."

"Na jina langu?"

"Nilikusudia kuliandikisha. Karani siku ile alikuwa na haraka."

"Miaka minne yote ana haraka?"

Hmad akavaa kofia, akaita msumeno. Mbarka alirudi kwenye magugu. Tamou akampisha mahali palipotazama upande mwingine. Kufikia saa saba mti ulikuwa vipande, na Alhamisi kisiki kilifunikwa nyasi mpya.

Kivuli hakikurudi gofu. Novemba vivuli vya zeituni viliiva, vikaanguka juu ya saruji; Mbarka alivipeleka kinuni kwa kikapu, wakamwambia havikamuliki. Akavifagia.

Kiangazi kilipowadia, uani kwa Hmad sufuria zilichemka zenyewe. Basi kila Ijumaa baada ya swala alikuja kwa dada yake na mkeka.

"Sogea kidogo, dada. Jua limenipata mguu."

Mbarka akasogea.

"Kivuli kizuri hiki," alisema Hmad, akijinyoosha. "Tena hakina karatasi. Siku yoyote mtu anaweza kukuchukulia. Niachie mimi, nitakuandikishia. Karani yule namjua."

Mbarka akainua birika juu, akammiminia chai mpaka ikafanya povu.