Kikohozi Kilichozuia Masizi

Mjukuu wangu Asma alikuwa amebakiwa na siku tano atetee kazi yake ya mwisho ya chuo, na hesabu zake zilikuwa zinamwaibisha. Kazi hiyo ilihusu namna virusi vinavyoenea ndani ya mwili, kutoka seli moja hadi ya jirani. Katika picha alizopewa na profesa wake, madoa ya ugonjwa yalikua kidogo, kisha yakasimama. Katika kompyuta ya Asma hayakusimama kamwe: ukianza na seli moja, kesho yake hakuna iliyosalia nzima. Profesa alisema wazi kwamba hesabu na picha zisipopatana, arudi mwakani.

"Leta hizo hesabu," nilimwambia. Nilisoma shule ya jioni, na darasani kwetu hakuna aliyenishinda.

Alizileta. Nilizitazama kwa muda wa heshima, kisha nikavua miwani.

"Seli zinahitaji kuonekana kwa macho," nilisema.

"Babu, hujaelewa hata mstari wa kwanza."

"Nimeelewa kwamba zinakaa bega kwa bega. Njoo uani."

Uani walikuwapo akina mama ishirini na wanne, wamekuja kumsaidia mke wangu Hawa kumenya karanga za mbegu. Niliwapanga pamoja naye kwenye mikeka, safu tano za watu watano, kila mmoja na masizi ya sufuria kwenye kigae mbele yake. Kanuni ilikuwa rahisi: ukipakwa shavuni, hesabu mpaka tatu, kisha paka jirani zako wote. Hawa, aliyekaa katikati, nilimpaka mwenyewe.

"Sasa ninyi nyote ni nyama ya mwili," niliwatangazia.

"Nyama ya nani, Baba Moussa?" aliuliza Mama Soraya, jirani yetu. "Kama ni yako, mie natoka. Ile iko ngumu."

Walicheka mpaka karanga zikamwagika. Kisha Hawa akaanza kupaka, na masizi yakaenda vizuri, hadi yalipomfikia Mama Soraya. Huyo alikohoa kwanza.

Mjini kwetu Kasongo, mwanamume akikaribia ua hukohoa, na mama wa kwanza kumsikia naye hukohoa ili wenzake wajifunike. Mikono ya akina mama haikungoja amri. Vitenge vilipanda vichwani, vikafunika mashavu yote yaliyokuwa bado safi. Masizi yakakosa pa kwenda. Doa likabaki la nyuso tisa katikati, na kuzunguka hapo vitenge vitupu.

"Mnaharibu sayansi!" nilifoka. "Nani kawaruhusu kukohoa?"

"Nani katukataza?" alijibu Mama Soraya. "Mutu akiona balaa linaenda kwa jirani, anyamaze?"

Niliinama kumfunua mama aliyekaa nyuma yake, nikapakwa mashavu yote mawili kwa mpigo mmoja.

"Tulikohoa, Baba Moussa, na bado ukasogea," alisema Hawa.

"Nilifikiri ni mafua!"

Asma peke yake hakucheka. Alikuwa akizihesabu zile nyuso tisa.

"Babu, seli inayougua nayo hukohoa. Inatoa kitu cha kuwaonya jirani, nao wanajifunga. Nilikiacha nje ya hesabu, niliona ni kidogo mno."

"Ndiyo sababu niliwaacha wakohoe," nilisema.

Mama ishirini na watano walikohoa kwa pamoja.

Asma aliongeza onyo hilo katika hesabu zake. Siku ya kutetea, ukumbi ulijaa. Profesa aliweka picha yake kando ya ile ya kompyuta, akatafuta tofauti kwa muda mrefu sana, kisha akauliza, "Uligunduaje?"

"Kwa akina mama wa mtaa wetu," alisema Asma, "na kwa kosa la babu yangu."

Kosa! Mbele ya watu wote! Nilisimama nisahihishe, Hawa akanivuta koti, na hapo hapo wakatangaza kwamba amefaulu kwa alama za juu. Nilikaa, lakini si kabla ya kuwafahamisha wa safu ya nyuma kwamba babu anayetajwa ni mimi, na kwamba kosa lenyewe lilikuwa zuri.